Kompaila Iliyogawanywa Matangani

S.L.P. 318,
Singida.

21 Novemba 1999

Mpendwa Baba Mdogo Fabiano,

Shikamoo sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bremen, wewe na mama mdogo na watoto, na kwamba baridi ya mwaka huu haijakushika kifua kama ile ya mwaka jana. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Mama yuko Ihanja. Miguu inamvimba, lakini kila nikimwambia aje mjini atibiwe ananijibu kwamba mjini ndiko watu wanakokufa. Baada ya mwaka huu nimeacha kubishana naye.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku mbili ikakata. Watu wamepanda mtama na alizeti kwa imani tu, na sasa wanaangalia juu. Ng'ombe wamekonda, maziwa hakuna. Bei ya kila kitu unaisikia redioni hukohuko, sina haja ya kukuongezea.

Barua yako niliipata. Asante kwa kuiandika kwa mkono wako mwenyewe na kwa kuifikiria kazi yetu. Umeniuliza nichague kompaila ipi unitumie kati ya zile mbili ulizoziona. Nitakujibu, tena nitakujibu kama fundi anavyomjibu fundi mwenzake. Lakini kwanza nikueleze yaliyotupata, maana wewe ulisikia kifo tu, yaliyofuata hukuyasikia vizuri. Kama mahali nitaandika kwa ukali usiseme Esta amekosa adabu. Nina uchungu, Baba Mdogo, na uchungu wangu hauna mahali pengine pa kwenda.

Ndugu yangu Antipasi aliondoka haraka. Alilalamika kichwa, akasema ni macho yamechoka kwa kutazama kioo cha kompyuta. Mimi nikamtania kwamba anatafuta sababu ya kulala mchana. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Wiki hiyohiyo tukamzika Ihanja, pembeni ya baba.

Siku ya kuanua matanga ikafika. Mila yetu unaijua: vitu vya marehemu havibaki vimelala, lazima vigawiwe, kila ndugu apate kitu cha kumkumbukia. Dada yako, Shangazi Theodora, ndiye aliyesimamia, na ni haki yake. Mimi sikuwa pale jamvini. Nilikuwa ndani na wifi Rebeka, mjane wa Antipasi, ambaye alikuwa ameishiwa nguvu hata za kukaa.

Kaka Petro, kwa kuwa ni mkubwa wetu, alipewa kompyuta. Hakuna aliyepinga. Nguo, baiskeli na redio vikapata wenyewe. Kisha likafunguliwa lile boksi lako, ile kompaila ya lugha ya Pascal uliyomwachia Antipasi ulipokuja Krismasi. Wakaona diski ndani, za bluu, zote sawasawa, zimepangwa vizuri. Shangazi akafurahi mno. Akasema, "Hizi zinatutosha." Akazigawa, moja kwa kila nyumba. Kitabu chake cha maelezo akapewa katekista kwa sababu kilikuwa kinene. Tangu nizaliwe sijawahi kuona ukoo wetu ukigawana kitu bila kugombana. Siku hiyo waligawana kwa amani, na kitu walichogawana ni hicho.

Nilipotoka nje watu walishaanza kufunga mizigo. Nilipouliza, Shangazi alinitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, ukumbusho wa ndugu yako unautaka peke yako?" Nilijua kompaila yenyewe imo ndani ya kompyuta, na kompyuta ningeweza kuiomba kwa kaka. Lakini kompyuta ilisafirishwa kwenda Mungaa juu ya lori, katikati ya magunia na mbuzi, na barabara ile huijui ilivyo siku hizi. Iliporudishwa kwangu haikuwaka vizuri. Ile diski kubwa ya ndani ilikuwa inagonga tu, kwa-kwa-kwa, kama saa mbovu. Imekufa na kila kilichokuwamo.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hilo si dogo. Wewe unajua Antipasi alikuwa na ofisi. Usichojua ni kwamba ofisi ile ilisimama juu ya mteja mmoja. Anaitwa Mazengo, mtu wa Manyoni, aliyefungua mashine ya kukamua alizeti hapa mjini pale ushirika ulipokufa na kila mwenye uwezo akaruhusiwa kununua mazao. Programu inayopokea magunia ya wakulima wake, uzito wao na malipo yao, ni ya Antipasi. Nayo, kama nyingine zote za wakati huu, inaandika mwaka kwa tarakimu mbili, kwa hiyo 2000 ingeusoma kama 1900. Mazengo alituambia wazi: kabla ya Krismasi programu iwe inaujua mwaka 2000, la sivyo atatafuta watu wengine.

Na ofisi ile ndiyo iliyokuwa imemshika Rebeka. Baada ya matanga ukoo ulikaa. Kaka Petro akasema yuko tayari kumrithi mke wa ndugu yake. Hakusema kwa tamaa, nimtendee haki. Alisema hataki watoto wa Antipasi walelewe na mtu baki. Rebeka akasimama mbele ya wazee, akasema, "Kaka Petro ni shemeji yangu na ninamheshimu. Naomba abaki shemeji." Wazee wakaanza kuongea Kinyaturu, kana kwamba Rebeka, kwa kuwa ni Mnyiramba, miaka yote hii ndani ya ukoo bado haisikii lugha yetu. Mwisho wakatoa sharti. Kama kazi ya mumewe inaweza kumlisha yeye na watoto, akae mjini. Siku kazi hiyo ikishindwa, atarudi mikononi mwa ukoo.

Kwa hiyo niliposema natafuta kompaila, Rebeka alijua vizuri ninatafuta nini.

Maandishi ya programu ninayo. Antipasi alikuwa na tabia ya kuninakilia kila kitu, na nakala zangu hazikufika jamvini kwa sababu zilikuwa kwenye kabati langu. Nilikaa mchana mmoja, nikarekebisha tarehe zote mwaka uandikwe kwa tarakimu nne, nikazikagua kwenye karatasi mstari kwa mstari. Kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa kuyageuza maandishi yawe programu inayoendeshwa na mashine, na hilo haliwezekani bila kompaila.

Nilimwomba Gasto, yule niliyesoma naye Dar. Hakuwa na choyo, akanitumia ya kwake kwa basi, nikaiweka kwenye kompyuta ya mtumba niliyoazima. Ilikuwa toleo la zamani. Halikujua nusu ya maneno ambayo Antipasi aliyatumia kufungua mafaili na kuchora kurasa za kioo. Kila nikilisukuma lilisimama na kunionyesha kosa, na kosa halikuwa kosa. Niliona ningelazimika kuandika upya karibu programu nzima, na Mazengo asingenisubiri. Nikaamua kuzifuata diski zetu, nyumba kwa nyumba.

Nilianzia Ihanja. Ya Mama ilikuwa imefungwa kwenye kanga pamoja na rozari, aliitoa kama anayetoa jicho. Za nyumba nyingine za Ihanja zilipatikana, moja ikiwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Katekista alinipa kitabu, amekisoma kurasa za mwanzo akaona hakuna Mungu ndani. Mungaa, kaka Petro alitoa yake mara moja, tena akanisindikiza hadi njiani. Nilimwangalia nikataka kumchukia, nikashindwa.

Issuna kwa Shangazi ndiko nilikomaliza. Alinipikia, akaniuliza hiyo kompaila ni kitu gani hasa hata nizunguke nchi nzima kwa ajili yake. Nikamwambia, Shangazi, ni kama mashine ya kusaga. Sisi tunaandika punje, yenyewe inatoa unga, na kompyuta ya Mazengo inakula unga tu. Punje za Antipasi ninazo, mashine ndiyo mliyoigawana, mmoja kachukua jiwe, mwingine mkanda, mwingine boliti. Akasema, "Si usage kwa jirani?" Nikamwambia nimejaribu, ya jirani inakataa punje zetu. Akatikisa kichwa sana. Kisha akaenda chumbani, akarudi na diski yake mikononi, imefungwa kwenye kitambaa cheupe.

Ilikuwa inang'aa. Akaniambia kwa fahari, "Zile za wenzangu najua zimejaa vumbi. Mimi hii naipaka mafuta kila Jumapili nikitoka misa, isije ikapasuka." Mafuta ya alizeti, Baba Mdogo. Ameitunza kama wazee walivyotunza mikuki na vibuyu, akaipaka mbele na nyuma, akakifungua na kile kibati chake cha kuteleza akapaka na ndani. Katika ukoo mzima hakuna aliyeipenda diski yake kama yeye. Nilimshukuru.

Tulifunga mlango wa ofisi, mimi na Rebeka. Yeye alikuwa ananipa diski moja moja kwa mpangilio, mimi naingiza. Zilipita vizuri, hata ile ya mguu wa meza. Tulianza kucheka. Ilipofika ya Shangazi mashine ikakoroma, ikaandika kwamba haiwezi kusoma, ikaomba diski hiyohiyo. Niliitoa, nikaipangusa kwa spiriti. Ikaiomba tena. Nikapasua ganda lake, nikaosha ule utando wa ndani kwa sabuni, nikaukausha, nikauhamishia kwenye ganda la diski nyingine. Ikaiomba tena. Rebeka alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Wifi, izime. Isituombe tena."

Mazengo alikuja mwenyewe ofisini, akakaa, akatupa pole. Kisha akasema amepata vijana kutoka Dar wenye programu mpya ya Windows na kompyuta yake, watamletea vyote kwa pamoja. Simlaumu. Mtu mwenye magunia mlangoni hawezi kungoja msiba wa wengine uishe. Nimeendelea kuandika upya kwa kompaila ya Gasto ili angalau nipate mteja mwingine, lakini wateja wa Singida wanaohitaji programu unaweza kuwahesabu ukiwa umefumba macho.

Barua yako iliingia siku hizo, na ukoo ukakaa tena Ihanja, kwa Mama. Hapa ndipo ninapoomba unisome taratibu. Katika barua yangu ya Agosti nilikuandikia mambo mawili: kompaila, na Rebeka. Baba hayupo, na katika ndugu zake wanaume umebaki wewe peke yako. Neno lako lingetosha. Mimi ni mwanamke, tena sijaolewa; mkutanoni naheshimiwa kama mtoto anayejua kusoma.

Shangazi aliuliza, "Fabiano anasemaje?" Nikasema barua yake imefika, ninayo. Kaka Petro akasema, "Isome basi, tumsikie." Nikasimama nikasoma. Nilisoma kurasa zako zote tatu, maana nilitumaini labda mara ya kwanza niliruka mahali. Nilisoma kwamba ya Windows inakuja kwenye CD na inataka kumbukumbu kubwa. Nilisoma kwamba ile ya bure inaandikwa na watu wa kujitolea, bado haijakamilika, lakini inaielewa karibu Pascal yote ya zamani. Nilisoma maoni yako kuhusu kifaa cha kutafutia makosa. Wazee walisikiliza hadi mwisho kwa heshima, kofia magotini, hakuna aliyekohoa. Nilipokunja karatasi Shangazi akauliza, "Na kuhusu mjane?"

Nikasema, "Hakuandika."

Wakatazamana. Mzee mmoja akasema, "Basi ameridhia." Na wengine wakaitikia, ameridhia, ameridhia, kama wanaomaliza sala. Rebeka alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alilitua chini pole pole, akaenda nyuma ya nyumba.

Jumamosi iliyopita amehamia Mungaa na watoto. Aliniachia ufunguo wa ofisi, akaniambia, "Wifi, usinililie mbele ya Eliana." Eliana ni yule mkubwa, anaanza kuelewa mambo. Kwa sasa wanalala nyumba ya pembeni. Selina, mke wa kaka Petro, aliwapokea mizigo akaiingiza ndani, na mimi sikumwona ana furaha kuliko Rebeka. Makabidhiano yenyewe yatakuwa baada ya Krismasi, pombe ikiiva. Padri alikwenda kuongea na wazee, wakamjibu kwamba yeye ana Kanisa na wao wana ukoo. Kaka ana ndoa ya kanisani, kwa hiyo siku Rebeka akikabidhiwa hatapokea komunyo tena. Ananiambia hilo ndilo linalomnyima usingizi kuliko kitanda chenyewe.

Sasa nikujibu ulichoniuliza. Wahenga wanasema mchagua jembe si mkulima, lakini mimi nimelima kwa mikono mitupu miezi yote hii, nina haki ya kuchagua. Nitumie ile ya bure. Ya Windows ni nzuri, nimeisoma sifa zake, ila kompyuta za huku ni mitumba, hazina mahali pa kuingizia CD, na umeme ukikatika wakati wa kuiweka unaanza upya. Ile ya bure uiweke kwenye diski za kawaida, uzitume mara mbili, kwa bahasha mbili tofauti. Inakuja na maandishi yake yenyewe, kwa hiyo hata watunzi wake wakiacha, sisi tunaweza kuishikilia. Nami nitanakili, nitampa Gasto, nitampa mwalimu wa hesabu wa hapa, nitampa na katekista kama ataitaka. Zamani nilidhani kompaila nzuri ni ile yenye kasi na kioo kizuri. Sasa naangalia kwanza jambo moja: siku fundi akifa, nani atabaki nayo? Ya Antipasi ilikuwa bora kuliko hiyo ya bure, na leo haipo.

Usihangaike na kifaa cha kutafutia makosa. Ninatumia kalamu.

Hayo ndiyo ya kazi, na yanaweza kusubiri. La Rebeka halisubiri. Ukiwa na karatasi moja tu ya kuandika mwezi huu, usiniandikie mimi. Mwandikie kaka Petro, umwambie hukuridhia. Hata mistari miwili. Na kwa kuwa barua inaweza kufika Krismasi ikiwa imepita, piga simu parokiani, namba unayo, padri atapeleka ujumbe mwenyewe kwa pikipiki, amenihakikishia. Sikuombi uwe upande wangu. Kama kweli umeridhia, sema umeridhia, kwa sauti yako, tujue. Lakini usiwaache wazee wakusemee, halafu mwanamke aishi maisha yake yote ndani ya neno ambalo hukulitamka.

Mama anakusalimu, anasema umwombee miguu. Kaka Petro anakusalimu. Gasto pia, ingawa hamjaonana. Shangazi Theodora anakusalimu mno na anaulizia diski nyingine, nimeshindwa kumwambia. Nisalimie mama mdogo na watoto wote, mwambie Faith kwamba picha aliyochora tumeibandika ofisini. Rebeka hajanituma salamu, na mimi sikumwomba.

Mungu akulinde na baridi, akupe afya, na akufungue kinywa.

Mimi mwanao nikupendaye, hata leo,

Esta